Shajara ya mradi: simba wa Farao na fahali wa Ashuru

4 Februari

Uongozi wa shule umeukubali mradi, na chumba cha historia kimekwisha kupakwa rangi. Kuanzia leo naandika shajara hii ili wanafunzi wa chama cha historia, na wengine wanaopenda mambo ya kale, waione kazi inavyokwenda. Tutachonga vielelezo viwili kwa mawe ya Kisii: sfinksi wa Misri, yaani simba mwenye kichwa cha binadamu, na fahali wa Ashuru mwenye mabawa na uso wa binadamu, ambaye vitabu vingi humwita lamassu. Ukutani, nyuma yao, kutakuwa na mabango ya maelezo. Nataka mwanafunzi akitoka humo awe na jibu la swali moja: wafalme wa Misri na wa Ashuru wote walitaka mnyama wa jiwe awalinde, mbona wanyama wao wana tabia tofauti kiasi hiki?

Jozi niliyoichagua imo katika makumbusho ya Louvre, Paris, kwa hiyo picha na vipimo vyao vinapatikana kwa urahisi. Wa kwanza ni sfinksi wa Tanis, wa itale nyekundu, mwenye urefu wa mita 4.80 na kimo cha mita 1.83. Wa pili ni fahali wa Khorsabad, kaskazini mwa Iraki, uliokuwa mji wa Mfalme Sargon II wa Ashuru. Kimo chake ni mita 4.20, urefu mita 4.36, na uzito wake unakaribia tani 28. Tutawapunguza kwa kipimo cha 1 kwa 20. Sfinksi atatoka na urefu wa sentimita 24, fahali na kimo cha sentimita 21. Wangeweza kukaa meza moja bila kubanana.

Wengi wameniuliza kwa nini nisichonge Sfinksi Mkubwa wa Giza, karibu na Kairo, anayejulikana na kila mtu. Huyo ana urefu wa mita 73 hivi, na kwa kipimo chetu angepita mita tatu na nusu. Tena hakuletwa pale alipo. Alichongwa papo hapo katika mwamba wa chokaa, katika enzi ya Farao Khafra, yapata mwaka 2500 KK. Atapata bango lake mwenyewe.

9 Februari

Leo tuko Tabaka, huko Kisii, kuchagua mawe. Mzee atakayetuongoza amechonga tangu utotoni, na kabla hajagusa jiwe lolote aliniomba picha zote mbili. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akaanza na fahali.

“Mwalimu, huyu jiwe lake lilikuwa laini,” akasema, akiweka kidole kwenye ndevu. “Tazama hivi vipindo. Kila kimoja kimezungushwa kivyake, na ncha hazijavunjika. Hapa mtu alitumia patasi nyembamba, mkono mwepesi.”

“Na huyu simba, Mzee?”

“Huyo aligongwa. Huyo alisuguliwa. Hakuna mtu aliyemkata.”

Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu mawe yenyewe, naye alikuwa amesema kweli tupu. Fahali wa Ashuru ni wa alabasta ya jasi, jiwe ambalo hata ukucha wa mtu unaweza kulikwaruza. Ndiyo maana Waashuru waliweza kuchora kila unyoya wa bawa, kila kipindo cha ndevu, mishipa ya miguu, hata hereni sikioni, kisha wakaandika mistari kwa mistari ya maandishi katika nafasi iliyobaki kati ya miguu. Itale ni habari nyingine. Wamisri waliiponda kwa mawe magumu ya doleriti, wakaisugua kwa mchanga, siku nenda siku rudi. Jiwe la namna hiyo linamlazimisha mchongaji apende umbo kubwa lililotulia. Hata hivyo, sitaki wanafunzi wadhani kwamba ugumu wa jiwe ulimfunga Mmisri mikono. Mtazame sfinksi wa Tanis karibu: mbavu zinaonekana chini ya ngozi, na kila ukucha umetengwa na mwenzake. Mtu alikaa na itale mpaka ikamtii.

Tumechukua jiwe la waridi kwa sfinksi na jeupe lenye kijivu kidogo kwa fahali.

15 Februari

Leo nimefinyanga fahali wa udongo ili nimwelewe kabla ya kumchonga, na mchana wote umeishia kwenye miguu yake.

Ukisimama mbele yake uso kwa uso, unaona miguu miwili, kwato zimekaa sambamba. Fahali amesimama, amefunga njia. Ukimzunguka hadi ubavuni, unaona miguu minne, naye anatembea. Simama sasa kwenye pembe, pale mbele inapokutana na ubavu, uhesabu: miguu ni mitano.

Nilikuwa nikijua jambo hili kwa kusoma, lakini udongo ndio ulionionyesha sababu yake. Sanamu hii ni bamba nene la jiwe lililopachikwa kwenye mwimo wa lango, na mchongaji amechonga nyuso mbili tu, ule unaomkabili anayekuja na ule unaotazama njia ya kupita ndani. Nyuso hizo zinagawana mguu mmoja, ule wa pembeni. Kwa anayetazama kutoka ubavuni, mguu huo unauficha ule wa pili wa mbele. Basi, bila mguu wa nyongeza, fahali angeonekana wa miguu mitatu. Mchongaji akaongeza mguu mmoja nyuma ya ule wa pembeni, nao unapiga hatua. Kwa hiyo kila upande una picha yake iliyokamilika. Anayelikaribia lango anazuiwa, anayelipita anasindikizwa.

Naona hapa fikra nzito kuhusu mlinzi na kazi yake. Mlinzi wa mfalme lazima atishe anayekuja, lakini pia lazima atembee pamoja na aliyeruhusiwa kuingia.

Mtindo huu unaonekana katika kasri la Mfalme Ashurnasirpal II (883–859 KK) mjini Kalhu, ambako leo huitwa Nimrud. Huko kuna walinzi wenye mwili wa fahali na wengine wenye mwili wa simba. Kuna hata simba mtupu asiye na uso wa binadamu, aliyesimama kwenye mlango wa hekalu la mungu wa kike Ishtar huku amefungua kinywa, naye pia ana miguu mitano. Sargon aliuendeleza. Mwanawe Sennacherib, yule Senakeribu wa Biblia, ndiye aliyeuacha: mafahali wake wa Ninawi wana miguu minne. Mimi napendelea wa Sargon.

Sfinksi hahitaji hila hiyo. Yeye ni wa pande zote, amelala, miguu ya mbele ameinyoosha, ya nyuma ameikunja, na mkia umezungushwa pajani. Hajashikwa na ukuta wowote, unaweza kumzunguka.

17 Februari

Siku ya mabango tu. Bango la barabara ya sfinksi kati ya mahekalu ya Luxor na Karnak, Misri, limekamilika kuandikwa: barabara ina kilomita 2.7, ikafunguliwa upya kwa sherehe Novemba 2021. Sehemu kubwa ya wale wenye vichwa vya binadamu iliwekwa na Farao Nectanebo I katika karne ya 4 KK. Nimeiweka karibu na picha ya lango la Ashuru kwa makusudi. Misri ilipanga wanyama wake kando ya njia ya maandamano kuelekea kwa mungu. Ashuru iliwasimamisha pale ambapo nje inakutana na ndani.

23 Februari

Nimefika kwenye kiini cha mradi: uso ni wa nani?

Sfinksi wa Tanis amevaa kilemba cha kifalme kiitwacho nemesi, kile chenye milia kinachoshuka mabegani, na fira amesimama kwenye paji la uso. Mavazi hayo ni ya Farao. Kwa hiyo anayelinda ni mfalme mwenyewe aliyevaa nguvu za simba. Ndiyo sababu sfinksi huonyeshwa katika michoro akiwakanyaga maadui wa Misri chini ya miguu yake. Mkanyagaji ni Farao.

Ukilikubali hilo, mambo mengi yanaeleweka. Juu ya sfinksi wa Tanis kuna majina ya Amenemhat II, Apophis wa Wahiksosi (wageni kutoka Asia waliotawala Misri), Merneptah na Shoshenq I, watawala waliotengana kwa karibu miaka 1,000. Kila aliyekuja alitaka mwili ule uwe wake, na njia ya kuupata ilikuwa kuandika jina. Ikiwa sanamu ni mfalme, basi jina likibadilika, mfalme amebadilika.

Vivyo hivyo kwa Farao Hatshepsut. Sfinksi wake wa itale, aliyeko sasa Metropolitan Museum, New York, ana uzito unaokaribia tani 7. Anavaa nemesi na ndevu za kifalme ingawa Hatshepsut alikuwa mwanamke, kwa maana ndevu zile ni za cheo. Baada ya kufa kwake, katika enzi ya Thutmose III aliyemrithi, sanamu zake huko Deir el-Bahri, penye hekalu lake, zilivunjwavunjwa na kutupwa. Wanaakiolojia walivifukua vipande hivyo katika karne iliyopita, wakaviunganisha kimoja kimoja. Ukimtazama vizuri utaziona nyufa. Mtu hajisumbui kuvunja tani 7 za itale kama anaamini ni pambo tu.

Sasa mgeukie fahali. Uso wake una ndevu ndefu zilizosokotwa, na mtu anaweza kudhani ni uso wa Sargon. Lakini tazama kofia. Ina jozi za pembe zinazopinda kutoka pembeni hadi mbele, na katika sanaa ya Mesopotamia pembe hizo huvaliwa na miungu na viumbe wa kiungu. Mfalme wa Ashuru havai kofia hiyo. Kwenye michongo ya ukutani yeye huvaa kofia ndefu yenye kijincha juu, bila pembe. Hapo mjadala unaisha. Fahali ametoka upande wa miungu, amewekwa mlangoni, na mfalme anapita mbele yake kama binadamu anayehitaji kulindwa. Esarhaddon, mwana wa Sennacherib, aliandika akiomba walinzi wa namna hii wakae katika kasri lake daima na kuilinda njia yake ya kifalme. Farao hana haja ya kumwomba sfinksi hivyo, maana angekuwa anajiomba mwenyewe.

Simba pia wanasaidia kulifafanua hili. Mfalme Ashurbanipal wa Ashuru alijaza kuta za kasri lake Ninawi kwa michongo ya kuwinda simba. Simba wamechomwa mishale, mmoja anatapika damu, jike mwingine anajikokota huku miguu ya nyuma imepooza. Kwa Mwashuru, mfalme ni yule anayemshinda simba. Amenhotep III wa Misri naye alijisifu, kwenye hirizi zilizosambazwa nchini, kwamba aliua simba 102 katika miaka kumi ya kwanza ya utawala wake, na bado mfalme wa Misri aliendelea kuchongwa akiwa simba. Misri iliweza kushika yote mawili, simba wa kuuawa na simba wa kuwa. Kwa macho yangu huo ndio upande wa ajabu zaidi wa sanaa yake.

1 Machi

Leo ilikuwa zamu ya vitu vidogo, na wanafunzi ndio waliovipenda kuliko vyote.

British Museum wana mafahali wengine wa Khorsabad. Mbele ya mmoja wao, kwenye jiwe lililo chini ya kwato, kuna mistari iliyokwaruzwa ovyo ovyo: ubao wa mchezo wa vyumba 20. Inadhaniwa askari wa zamu waliuchora wenyewe wapate kupitisha saa. Nimelikuza eneo hilo katika picha hadi mistari ikaonekana kupinda pale ncha ya kisu ilipoteleza. Mradi wote nimekuwa nikiongea juu ya mlinzi wa jiwe, na hapa, kwato kwa magoti, alikaa mlinzi wa nyama na damu akisubiri zamu yake iishe.

Kisha wale mbwa watano wa udongo. Waligunduliwa katika kasri la Ashurbanipal, Ninawi, ni wadogo wa kutosha kushikwa kiganjani, kila mmoja na rangi yake, na kila mmoja na jina lililoandikwa ubavuni. Mmoja ni Mkamata-adui, mwingine Mfukuza-uovu, mwingine jina lake ni amri: Usifikiri, uma! Walizikwa karibu na mlango, mahali ambapo hakuna jicho lingewaona. Fahali wa tani 28 aliwashughulikia wageni wenye macho. Mbwa hawa walikuwa kwa ajili ya wageni wasioonekana, yaani mashetani na maradhi.

Mmoja wa wanafunzi akauliza: “Mwalimu, tunaweza kuwafinyanga na sisi?” Tumeanza papo hapo. Watawekwa chini ya meza ya fahali, karibu na mlango wa chumba.

8 Machi

Bango la Taharqa. Hili ndilo ninalolionea fahari, kwa sababu linawakutanisha hawa wawili ana kwa ana.

Taharqa (690–664 KK) alikuwa mfalme wa Kushi, nchi iliyo Sudani ya leo, aliyeitawala pia Misri. Wasomaji wa Biblia wanamjua kwa jina la Tirhaka, katika 2 Wafalme 19. Sfinksi wake mdogo wa itale kutoka Kawa, mahali palipo Sudani, yuko British Museum, na urefu wake haufiki mita moja. Badala ya nemesi uso wake umezungukwa na singa za simba, na kwenye paji wapo fira wawili, alama ya wafalme wa Kushi. Ni uso wa Mwafrika uliochongwa kwa heshima kubwa, mashavu mapana, midomo minene, macho yanayotazama mbali. Nimeiweka picha yake kwa ukubwa kuliko nyingine zote.

Kutoka Kawa hiyo hiyo wametoka kondoo dume wa mungu Amuni, wamelala, na kati ya miguu yao ya mbele Taharqa amesimama, mdogo, chini ya kidevu cha mnyama. Karnak nako wamejipanga wanyama wa namna hiyo, wenye kichwa cha kondoo na mwili wa simba. Hapa lazima niirekebishe picha ya bango la uso wa sfinksi, isije ikawa nyepesi mno: watu wa Nili nao walimjua mnyama wa kiungu anayemkinga mfalme aliye chini yake. Hata yule wa Giza, ilipofika enzi ya Thutmose IV, mnamo 1400 KK, alikuwa akiabudiwa kama mungu Horemakheti. Jiwe lililosimamishwa kati ya miguu yake linasimulia kwamba alimtokea mwana wa mfalme ndotoni, akamwahidi ufalme akimwondolea mchanga. Kwa hiyo tofauti yetu inabaki hivi: Misri na Kushi zilikuwa na njia zote mbili, mnyama aliye mfalme na mnyama anayemlinda mfalme, ilhali Ashuru ilishika hii ya pili peke yake.

Mwaka 671 KK Esarhaddon aliiteka Memfisi, na Taharqa akakimbilia kusini. Miaka ya 1950, katika kilima cha Nabii Yunus huko Ninawi, wanaakiolojia walikuta mabaki ya sanamu za Taharqa penye mwingilio wa kasri la silaha la Esarhaddon. Zilikuwa nyara. Kila aliyeingia aliiona sura ya Farao aliyeshindwa ikiwa imesimamishwa langoni, mahali ambapo Ashuru iliwaweka walinzi wake. Sijui tusi zito kuliko hilo kwa mfalme ambaye kwao uso wake ndio uliokuwa ulinzi.

Kilima hicho kimeona mengi. Msikiti wa Nabii Yunus uliokuwa juu yake ulilipuliwa Julai 2014.

14 Machi

Mzee amemaliza kichwa cha fahali. Alitumia panga kupunguza, kisha patasi, kisha msasa ndani ya beseni la maji. Wakati akisugua nilimsimulia jinsi Sennacherib alivyochongesha ukutani kwake safari nzima ya fahali kutoka machimbo ya Balatai: sanamu imelazwa juu ya kitelezo cha mbao, safu za watu wanavuta kamba, wengine wanasukuma kwa nyenzo kutoka nyuma, wasimamizi wamepanda juu ya sanamu yenyewe, na mfalme anatazama akiwa garini. Wavutaji wengi ni mateka. Mzee akaniuliza kama majina yao yaliandikwa. Hayakuandikwa.

Bango la hasara limekuwa gumu kuandika, na nimeamua liwe fupi. Mwaka 1855 shehena ya vitu vya Khorsabad ilizama karibu na Qurna, kusini mwa Iraki, pamoja na sanamu kubwa zilizokuwa njiani kwenda Ufaransa. Miaka ya 1990 wezi walikata kichwa cha fahali mmoja wa Khorsabad vipande vipande. Kikapatikana, kikahifadhiwa Baghdad, na mwili wake wa tani 18 ukafukuliwa upya mwaka 2023, mabawa yakiwa mazima. Februari 2015 mafahali walinzi wa Lango la Nergali la Ninawi, Mosul, walivunjwa kwa mashine za kutobolea mawe mbele ya kamera.

Maandishi ya mafahali wa Sargon yanamlaani atakayeharibu kazi yake. Sargon mwenyewe aliuawa vitani mwaka 705 KK, maiti yake haikupatikana, na mwanawe akauhama mji ule ukiwa haujamaliza hata miaka miwili tangu uzinduliwe.

20 Machi

Sfinksi amekamilika, kasoro fira wa kwenye paji ambaye Mzee anataka kumchonga mwenyewe kwa kisu kidogo. Fahali amebakiza mabawa ya upande wa pili. Tumekubaliana kwamba atasimama kwenye mlango wa chumba, begani kwa ukuta kama ilivyokuwa Khorsabad, ili mwanafunzi aanze kwa kuona miguu miwili na amalize kwa kuona minne. Sfinksi atawekwa katikati, mbali na kuta zote, na njia ya kumzunguka itaachwa wazi.

Mbwa wa udongo wameshachomwa, na watatu wametoka salama. Wawili watafinyangwa tena Jumamosi. Wanafunzi wanataka majina yaandikwe kwa Kiswahili, nami nimekubali. Wiki ijayo tunaanza kondoo wa Kawa, na Mzee amekwisha kututengea jiwe la kijivu.